Njoo Emanueli kwenye piano: noti ziko sawa lakini wimbo haufiki, shida iko wapi?

Kila Majilio yakikaribia, wapiga kinanda wa ibada za Kiswahili hapa Kampala wanauliza swali lilelile kwa maneno tofauti. Mmoja anasema wimbo unaburuta, mwingine anasema unakimbia, mwingine anasema napiga kila kitu kilichoandikwa lakini watu wanakaa tu wananiangalia. Wimbo wenyewe ni Veni Emmanuel, sisi wengi tunauita tu Njoo Emanueli, na siku hizi mipangilio yake ya piano ni mingi, ile ya kupiga kwa hisia, mkono wa kushoto unatiririka, katikati kuna kipande cha piano peke yake, mwisho unatulia polepole. Ikipigwa vizuri inagusa kweli. Na kuiharibu ni rahisi mno kwa sababu noti si ngumu, mtu wa gredi nne anazisoma bila taabu, ndiyo maana wengi wakishazisoma wanaona kazi imeisha.

Nimepanga kwa dalili, yaani kile unachokisikia, halafu sababu, halafu la kufanya. Huna haja ya kusoma yote, tafuta ugonjwa wako. Naongea nikiwa kwenye E maina, yaani noti ya nyumbani ni E na sauti ni ya majonzi, maana vitabu vingi vimeuweka hapo, kama chako kiko D maina shusha kila noti ninayoitaja toni moja.

ANZA NA CHOMBO KABLA YA KULAUMU VIDOLE

Dalili ya kwanza: ukigusa taratibu au ukipiga kwa nguvu sauti ni moja tu. Hapo usijilaumu, kwenye kibodi mtu amezima ile setingi ya tachi, ingia kwenye fankisheni uiwashe. Au saundi iliyochaguliwa ni ya ogani, na saundi za ogani kwa kawaida hazijali umegusa vipi, badilisha urudi kwenye piano. Kibodi nyingine za bei ya chini kabisa hazina tachi hata ukitafuta mpaka jioni, na kwa hizo huu mpangilio wa hisia hautatoka, bora upige wimbo kwa njia ya kawaida ya sauti nne na uwaachie waimbaji kazi ya kupanda na kushuka.

Ukikanyaga pedali sauti inakatika, ukiachia ndiyo inaendelea kulia? Pedali imegeuka. Kibodi nyingi zinasoma hali ya pedali wakati wa kuwashwa, sasa kama uliwasha mguu ukiwa juu yake, au pedali ilibanwa na mguu wa kiti, kibodi imeamini kwamba kukanyagwa ndiyo hali ya kawaida. Zima, ondoa mguu, washa tena. Pedali nyingine zina kaswichi kadogo chini au ubavuni, kageuze.

Kwaya inaanza na wewe unaanza lakini mnapishana kama watu wa vijiji viwili: angalia transipozi, ile setingi ya kupandisha au kushusha toni ya kibodi nzima. Kikundi cha sifa kilichopiga kabla yako kilipandisha +2 kwa ajili ya mwimbaji wao na hakuna aliyerudisha. Hii inatokea sana kwenye makanisa ambako ibada ya Kiingereza, ya Luganda na ya Kiswahili zinafuatana kwenye kibodi moja, kwa hiyo kabla ya ibada piga E moja na ulinganishe na ya kwenye simu, haichukui muda.

Kibodi ya vitufe 61 inakupa shida nyingine. Mipangilio hii imeandikwa kwa piano ya vitufe 88, na besi inapenda kushuka mpaka ile E ya chini kabisa, wakati kibodi ya 61 inaanzia C iliyo juu ya hiyo E. Watu wanajaribu kutatua kwa kubonyeza oktava -1, kibodi nzima inashuka, halafu kile kipande cha juu chenye kung'aa nacho kinakosa pa kupigiwa. Usifanye hivyo. Iache kibodi ilivyo, pale palipoandikwa oktava ya chini piga E unayoipata pamoja na B iliyo juu yake, inatoa uzito wa kutosha na hakuna atakayeikosa ile nyingine.

Kwa wenye piano ya mbao, kitufe kinashuka na kugoma kurudi. Majilio yanaangukia mwisho wa mvua za pili za mwaka na sisi tuko karibu na ziwa, mbao inavimba, kitufe kinabanwa. Tafadhali usimimine mafuta ya cherehani ndani, mafuta yanaingia kwenye kitambaa na unahamisha shida ndogo kuwa kubwa. Sogeza piano mbali na dirisha na ukuta wenye unyevu, funga kifuniko ukimaliza, na muite fundi piano mapema, usisubiri Desemba ambapo kila kanisa linamtafuta mtu yuleyule.

WIMBO UNATEMBEA KAMA GWARIDE

Hii ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Noti ziko sawa, tempo iko sawa, lakini kila noti ina uzito uleule, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, mpaka mwisho. Sababu ni kwamba mpigaji anasoma mistari ya baa, ile inayogawa noti mafungu mafungu, na kila baa ikianza anabonyeza. Melodi hii haikuzaliwa ndani ya baa. Ni ya ukoo wa nyimbo za kale za kanisa zilizofuata pumzi na maneno, baa zimekuja baadaye ili sisi tuweze kusoma pamoja.

La kufanya: funga mkono wa kushoto kabisa. Chukua melodi peke yake, uiimbe kwa sauti yako kwanza, hata kama huna sauti, ukishaimba utajua wapi pumzi inaisha. Sasa piga ulivyoimba. Sentensi ya kwanza inapanda E, G, B, kwa wanaosoma solfa ni la, do, mi, halafu inagusa C juu kidogo na kuanza kushuka mpaka G. Wengi wakifika kwenye ile C wanaipigilia kwa sababu ndiyo noti ya juu. Fanya kinyume. Ukubwa wa sauti upande pamoja na la, do, mi, ufike B ukiwa umejaa, halafu C uiguse kwa wepesi, iegemee B na iende zake, na G ya mwisho iwe ndogo kuliko zote. Ukisikia sentensi imepanda na kushuka bila wewe kuhesabu, umepona. Rudisha mkono wa kushoto lakini ukubali kwamba sasa huo ndio unaofuata, mkono wa kulia ndio unaongoza.

Kuna jambo la maneno pia. Kwenye Kiingereza Emmanuel ni silabi nne, kwetu Emanueli ni tano, e-ma-nu-e-li, kwa hiyo pale ambapo kitabu kimeunganisha noti mbili kwa silabi moja kwaya yako inazitenganisha. Kama wewe umeziunganisha kama kitabu kinavyosema na wao wamezitenganisha, inasikika kama mmoja wenu kakosea. Kaa na mwalimu wa kwaya, sikiliza silabi zao zinaangukia wapi, uandike kwa penseli kwenye karatasi yako.

UNABURUTA, WATU WAMELALA

Hapa mpigaji amechanganya utakatifu na upole wa mwendo. Kwa kuwa ni maina, kwa kuwa ni Majilio, kwa kuwa rangi ya altare ni zambarau, basi anaona lazima uende kama gari lililoishiwa mafuta. Ukienda hivyo waimbaji hawafiki mwisho wa sentensi kwa pumzi moja, wanakata katikati ya neno, na ndiyo unaanza kusikia wazee wanashuka toni.

Historia ya melodi inasaidia sana hapa. Maneno ya Kilatini yalichapishwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1710. Melodi tunayoijua iliunganishwa na wimbo na Mwingereza Thomas Helmore kwenye kitabu cha nyimbo cha miaka ya 1850, na kwa zaidi ya karne nzima watu walibishana aliitoa wapi, wengine wakashuku aliitunga mwenyewe. Mwaka 1966 mtafiti Mary Berry, aliyekuwa mtawa na bingwa wa muziki wa kale, akaikuta kwenye maktaba ya taifa ya Ufaransa kule Paris, ndani ya kitabu cha karne ya 15 cha masista wa Kifransisko, na ilikuwa imeandikwa kwa maneno mengine kabisa, kwa ajili ya maandamano ya mazishi. Yaani masista waliiimba wakitembea. Pole, ndiyo, ni mazishi, lakini miguu ilikuwa inasogea mbele.

Basi jaribu hivi, ondoka kwenye kiti, tembea kutoka mlangoni hadi altareni mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, na uimbe. Hiyo ndiyo tempo yako. Ukiweka metronomu utajikuta mahali fulani kati ya 60 na 72, chini ya hapo kwa uimbaji wa kanisa zima mimi sishauri. Kipande cha piano peke yake kinaweza kutulia zaidi, hakuna anayesubiri pumzi pale.

WATU WANASHINDWA KUINGIA

Umepiga utangulizi mzuri, unavuta hapa, unaachia pale, umefunga macho, halafu ubeti wa kwanza unafika na nusu ya kanisa imeingia mapema, nusu imechelewa na mpiga ngoma amekuangalia tu mkono hewani. Kosa si hisia. Kosa ni kuweka uhuru wa tempo mahali ambapo watu wanakutegemea.

Gawa wimbo sehemu mbili kichwani mwako. Sehemu unazopiga peke yako, utangulizi, katikati ya beti, mwisho, hizo ni zako, vuta utakavyo. Sehemu ambazo watu wanaimba si zako peke yako. Na zile baa mbili za mwisho za utangulizi tayari ni za watu, zihesabu kwa tempo ileile watakayoimba, pumua kwa kichwa, waone. Nimeshasikia wapigaji wazuri kabisa wenye vyeti wakipunguza mwendo kwenye baa hizo mbili eti ili iwe nzuri, halafu wanaanza ubeti kwa tempo nyingine. Ukipunguza pale umewaambia watu kwamba wimbo ni wa mwendo huo mpya, na wao watakuamini.

Kuhusu ngoma, ongea na mpigaji kabla. Kijana wa engalabi, ile ngoma ndefu, amezoea kuingia anaposikia mdundo, na kama mpangilio wako hauna mdundo wa wazi atautafuta mpaka autengeneze mwenyewe. Usimfukuze, ngoma hiyo ikipigwa kwa vidole karibu na ukingo kwa mwendo wa kutembea inapendeza mno chini ya melodi hii. Mwambie tu aingie kiitikio cha ubeti wa tatu, kabla ya hapo asikilize.

MELODI HAISIKIKI

Mkono wa kushoto unatiririka vizuri, kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za mkono wa kulia zimejaa, lakini mtu aliyekaa benchi la nyuma hawezi kukuambia ni wimbo gani. Sababu kwa kawaida ni mbili na zote ni vidole gumba.

Gumba la kushoto kwanza. Mtiririko wa kawaida ni E, B, E, G kutoka chini kwenda juu, kidole kidogo kwenye E ya chini, cha pili kwenye B, gumba kwenye E ya juu, halafu unavuka na cha pili kwenda G. Gumba ni kidole kizito na kinaanguka, kwa hiyo ile E ya juu inagonga kila mara, gong, gong, gong, na iko usawa uleule wa melodi, inaifunika. Piga mtiririko huo bila gumba kabisa, acha nafasi ya kimya pale ambapo lingepiga, rudia mpaka mkono uzoee huo wepesi. Ukilirudisha gumba, liguse kitufe tu bila kukiangukia.

Gumba la kulia linafanya vilevile ndani ya kodi. Melodi iko juu, kwenye kidole cha nne na cha tano ambavyo ndivyo dhaifu, na gumba liko chini linapiga kelele. Zoezi lenyewe ni hili, kodi ya E, G, B na melodi ikiwa B: B ishike kwa sauti kamili na uibakize, E na G zipige kwa kugusa na kuachia haraka kama zimekuunguza. Inamisha mkono kidogo upande wa kidole kidogo ili uzito wa mkono uende huko. Fanya sentensi ya kwanza yote hivi, taratibu. Inachosha na haipendezi kuisikiliza lakini hakuna dawa nyingine ninayoijua inayofanya kazi kama hii. Baada ya hapo piga kawaida na utashangaa melodi imekaa juu yenyewe.

Kuna sababu ya tatu isiyo ya vidole, mvua. Kanisa la mabati mvua ikishuka, ule utangulizi wako wa sauti ndogo sana umeisha, hakuna atakayeusikia hata ukiwa na spika. Uwe na mpango wa pili: utangulizi mfupi, melodi kwa oktava mkono wa kulia, sauti ya kati, na uingie moja kwa moja kwenye ubeti.

SAUTI ZIMECHAFUKA, HAKUNA KINACHOELEWEKA

Pedali. Wengi wanakanyaga pamoja na noti na kuachia mwanzo wa baa inayofuata, yaani mguu unahesabu baa. Mguu unatakiwa usikilize kodi. Noti mpya inapolia ndipo mguu unapanda, ukishasikia usafi ndipo unashuka tena, kwa hiyo mguu siku zote unakuja nyuma ya kidole kwa muda mfupi sana. Kodi ikibadilika mara mbili ndani ya baa, mguu nao mara mbili. Melodi ikipita kwa hatua, A kwenda B, F shapu kwenda E, hasa kwenye sauti za katikati, usizibebe mbili kwenye pedali moja.

Jipime hivi: ukiwa katikati ya sentensi simama ghafla, mikono juu, mguu usiuondoe. Kile kinachobaki kinalia hewani ndicho wasikilizaji walichokuwa wanakisikia. Kama ni kodi, vizuri. Kama ni noti sita zinagombana, umejua.

Angalia pia jengo. Sakafu ya saruji na kuta tupu, Jumamosi ya mazoezi kanisa likiwa halina watu sauti inazunguka, Jumapili watu wamejaa na nguo zao zinakunywa ule mwangwi wote. Kwa hiyo pedali iliyokuwa nyingi Jumamosi inaweza kuwa ya kutosha tu Jumapili, usiogope ukisikia imekauka. Na kama fundi saundi ameweka mwangwi kwenye miksa, zima wa kwenye kibodi, mmoja unatosha.

INASIKIKA TAMU MNO, KAMA MUZIKI WA TAMTHILIA

Hapa kosa mara nyingi ni noti moja, D shapu. Melodi ya wimbo huu haina D shapu hata moja, ni D ya kawaida mwanzo hadi mwisho, kwa solfa ni so na siyo se. Ukale wake wote umekaa pale. Sasa mpiga kinanda aliyezoea kodi za kawaida akikaribia E maina anaweka B meja, au B saba, kwa mazoea tu, na ndani ya B meja kuna D shapu. Papo hapo wimbo unahama karne. Mwanakwaya anaimba so ya kawaida, wewe unampigia se, mnagongana au anakufuata wewe na melodi inapotea.

Weka B maina, au D meja, halafu ingia E maina. Jaribu zote mbili ukilinganisha na B meja uone tofauti, masikio yako yatakuambia. Kama mwenye mpangilio ameandika D shapu sehemu moja kwa makusudi, tuseme mwisho wa kipande cha piano peke yake, iheshimu, pengine ana sababu, lakini usiieneze kwingine. Na zile kodi za kuongeza noti za saba na za tisa kila mahali ili iwe nzito kihisia, mimi naziona zinachosha mapema. Mkono wa kushoto ukishika E na B tu, bila G, ubeti mzima wa kwanza, melodi inasimama peke yake na watu wanaanza kusikiliza.

KIITIKIO HAKIFIKI

Furahini, furahini, na hakuna aliyefurahi. Mara nyingi ni kwa sababu ulishafika kwenye sauti kubwa kwenye ubeti wa pili, sasa huna pa kwenda. D ya juu ya kiitikio ndiyo noti ya juu kabisa kwenye wimbo mzima, ubeti wote haujawahi kuigusa. Ukiitunza inafunguka yenyewe, hasa ukiiwekea G meja chini yake baada ya E maina ya muda mrefu.

Panga beti kabla hujakaa. Msaada upo kwenye maneno, kwa sababu kila ubeti umebeba jina moja la Masihi na majina hayo yanatoka kwenye zile antifona kubwa, yaani sala fupi za kuimbwa, ambazo Kanisa la magharibi linaziimba jioni kuanzia tarehe 17 mpaka 23 Desemba, zipo saba. Emanueli ni Isaya 7:14. Shina la Yese, Isaya 11:1, ubeti huo mimi naupenda chini, mkono wa kushoto mzito, mizizi. Ufunguo wa Daudi, Isaya 22:22, pale kodi zinaweza kuanza kufunguka moja baada ya nyingine. Mapambazuko, yale ya Luka 1:78, peleka melodi oktava moja juu, sauti ndogo, mkono wa kushoto nao upande, besi iache kabisa. Halafu kiitikio kinachofuata hapo besi inarudi yote, na hapo ndipo sauti kubwa pekee ya wimbo mzima, hapo tu. Vile vingine vyote vipige kwa kujizuia. Kama kanisa lenu linaimba beti tatu tu, chagueni zipi mapema ili ujue kilele chako kiko wapi.

Hata kwenye hicho kilele usipige kama Krismasi. Kiitikio cha Kilatini kinasema Emanueli atazaliwa kwa ajili yako, bado hajazaliwa, na muziki nao umebaki kwenye maina, kiitikio kinapanda kwenye G meja na kurudi nyumbani E maina. Nimesikia watu wanaugeuza kiitikio cha mwisho kuwa E meja, ngoma zote, kelele, watu wanapiga makofi, na Jumapili ile ni ya kwanza ya Majilio, wiki nne zote bado ziko mbele. Wanaofanya hivyo ni watu wenye moyo mzuri, wanataka kufurahisha kanisa, lakini wanawanyima waumini kile kungoja ambacho wimbo uliandikwa kwa ajili yake. Ukitaka kumalizia na E meja, ile kodi moja tu ya mwisho kabisa, iweke Jumapili ya nne. Jumapili tatu za mwanzo maliza na E na B, bila G, si huzuni wala si furaha, acha ilie mpaka ife yenyewe na usikimbilie kufunga kitabu.

KODI HAZISHIKIKI KWA MKONO MDOGO

Fupi tu. Mipangilio mingi inataka E ya chini na G ya oktava ya juu yake kwa mkono mmoja, ambayo mikono mingi haifiki. Usijivunje. Piga E kwanza, pedali ishike, halafu G, na ile G ndiyo iangukie kwenye mdundo pamoja na melodi. Au G iachie mkono wa kulia. Au iache, kama melodi yenyewe iko G hakuna haja ya kuirudia.

UMEME UMEKATIKA KATIKATI YA UBETI

Usisimame kwa mshtuko na usiwaangalie watu kana kwamba ibada imeharibika. Wimbo huu bila chombo unaimbika vizuri kuliko karibu wimbo wowote wa msimu huu. Imba wewe kwa sauti, mwalimu wa kwaya aendelee kuhesabu, sauti moja tu bila kugawanyika. Jenereta ikiwaka usikimbilie kuingia. Kibodi imejizima na kuwaka upya, saundi, voliyumu na tachi zinaweza kuwa zimerudi kiwandani, zikague kwanza. Halafu, na hili linasahaulika, kwaya iliyoimba beti mbili bila kinanda mara nyingi imeshuka. Shusha voliyumu mpaka karibu na sifuri, inamisha sikio, gusa E na uone wako wapi. Kama wako palepale ingia kwenye kiitikio. Kama wameshuka nusu toni unaweza kuweka transipozi -1 na kuingia kimyakimya, au uwaache wamalize wenyewe. Mimi huwa nawaacha.